Bomba Chini ya Bahari: Kwa Nini Pwani ya Kilifi Haipimwi kwa Msimu Mmoja

Mwaka 2024 kijiji cha wavuvi cha Uyombo, karibu na Watamu, kilijikuta katikati ya habari za taifa. Wakala wa Nishati ya Nyuklia wa Kenya, NuPEA, ulikuwa umekipendekeza kiwe mahali pa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, chenye uwezo wa megawati 1,000, na wakazi wakakataa. Hoja zilizosikika zaidi zilikuwa za mionzi, za ardhi, za samaki na za msitu wa Arabuko Sokoke. Baadaye serikali iligeuzia macho Kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Viktoria, na mjadala wa Uyombo ukapoa.

Pamoja nao likapoa pia swali moja la kihandisi ambalo pwani hii italikuta tena. Kinu cha ukubwa ule, kikipozwa kwa maji ya bahari yanayopita mara moja na kurudishwa, huhitaji takriban mita za ujazo 40 hadi 50 za maji kila sekunde. Maji hayo hayachotwi ufukweni. Huvutwa kwa mabomba au mahandaki yanayoingia baharini hadi penye kina cha kutosha. Mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari nao huhitaji bomba la kuvuta maji na jingine la kutupa maji ya chumvi kali. Mji ukitaka kumwaga majitaka yaliyosafishwa mbali na ufuo, huhitaji bomba. Gesi au mafuta yakipatikana nje ya pwani, huja nchi kavu kwa bomba. Mradi wowote kati ya hiyo ukiletwa Malindi, Watamu, Kilifi au Takaungu, utauliza jambo lile lile: bomba likilazwa chini ya bahari hii, litabaki pale lilipolazwa?

Jibu linategemea hesabu ambayo si ngumu kuielewa, na linategemea misimu ambayo kila mvuvi wa Mayungu na Ngomeni anaijua. Hesabu bila misimu hutoa bomba zuri kwenye karatasi tu.

Kani tatu

Bomba lililolala juu ya sakafu ya bahari husukumwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni ya ubavuni: maji yanayopita hulisukuma kuelekea yanakokwenda. Ya pili ni ya kuinua. Maji yanayopanda mgongo wa bomba hukimbia kuliko yale yaliyobanwa chini yake, na maji yanapokimbia shinikizo lake hupungua. Bomba huvutwa juu kama mabati ya paa yanavyonyanyuliwa na upepo mkali unaopita juu yake.

Ya tatu hutokea pale tu kasi ya maji inapobadilika. Mkondo hutiririka upande mmoja kwa saa nyingi, lakini maji yaliyo chini ya wimbi huenda na kurudi kila baada ya sekunde chache. Yanaanza, yanashika kasi, yanasimama, yanageuka. Katika kuanza na kusimama huko hulisukuma bomba kwa nguvu ya ziada, hata kama kasi yenyewe ni ndogo.

Kinachopingana na kani hizi ni uzito wa bomba likiwa majini. Uzito huo hulikandamiza bomba kwenye mchanga na kuzaa msuguano unaolizuia kuteleza. Hapo ndipo kani ya kuinua inapoleta hasara mara mbili: inapunguza uzito, na kwa kupunguza uzito inapunguza msuguano ambao ungeizuia kani ya ubavuni.

Kanuni inayotumika hadi leo kukadiria kani ya ubavuni na ile ya mabadiliko ya kasi ilichapishwa mwaka 1950 na watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha California, na hubeba jina la wa kwanza wao, Morison. Wao walikuwa wakishughulikia nguzo zilizosimama majini, wala si mabomba yaliyolala. Nguzo za namna hiyo zipo katika pwani yetu. Nje ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitalia walisimamisha katika miaka ya 1960 majukwaa ya San Marco na Santa Rita, yenye miguu ya chuma iliyozamishwa mchangani, na nyaya zilizopita chini ya bahari kuyaunganisha. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti zilirushwa kutoka pale, mojawapo ikiwa Uhuru, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri. Kila mguu wa majukwaa yale husukumwa na bahari kwa kanuni ile ile inayohusu bomba. Tofauti kubwa ni kwamba mguu umeshikwa chini na hauna pa kwenda, lakini bomba lililolazwa tu laweza kuhama.

Jumlisha kwanza, kisha zidisha

Tuchukue bomba lenye kipenyo cha nusu mita na tulilaze kwenye mchanga. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde, kasi ya mtu anayetembea polepole, hulisukuma ubavuni kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 26 kwa kila mita ya urefu. Wakati huo huo hulinyanyua kwa kilo 23 au 24. Tukichukulia kwamba msuguano wa bomba na mchanga ni sehemu 6 kati ya 10 za uzito unaolikandamiza, bomba hilo lazima liwe na kilo 67 kwa kila mita likiwa tayari ndani ya maji, la sivyo litateleza.

Sasa kasi iongezeke maradufu, ifike mita 2 kwa sekunde. Kani za mkondo hazikui sambamba na kasi. Hukua kwa kasi kuzidishwa kwa yenyewe. Maradufu ya kasi ni mara nne ya kani, na uzito unaotakiwa unatoka kilo 67 hadi kilo 268 kwa mita. Zege hupoteza zaidi ya sehemu 4 kati ya 10 za uzito wake likizamishwa, kwa hiyo kwa kila kilomita ya bomba tumetoka kwenye tani 120 hivi za zege hadi tani 470 hivi.

Jambo la pili linatokana na hilo la kwanza, na ndilo linalowaponza wengi. Tuseme mkondo una kasi ya nusu mita kwa sekunde na siku hiyo hakuna wimbi. Kani ya ubavuni ni kama kilo 6 na nusu kwa mita. Siku nyingine mkondo umetulia lakini wimbi linayasogeza maji ya chini kwa kasi hiyo hiyo ya nusu mita. Wakati maji yanapokimbia zaidi, kani ya ubavuni ni kilo 6 na nusu tena. Siku ya tatu vyote viwili vinakuja pamoja na upande mmoja. Anayejumlisha kani atatarajia kilo 13, lakini bomba linapata 26. Kinachojumlishwa ni kasi, na kuzidisha huja baadaye.

Kwa hiyo mhandisi aliyepima mkondo siku ya bahari shwari, kisha akapima mawimbi siku mkondo umelala, anaweza kuwa na takwimu mbili sahihi na jibu baya. Anachohitaji kujua ni lini mkondo na wimbi hukutana, na katika pwani ya Kilifi kukutana huko kuna majira yake.

Upepo wa kusi ukianza kushika, kuanzia Aprili, mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unaoelekea kaskazini hupata nguvu. Nje ya mwamba wa matumbawe, juu juu ya maji, kasi yake inaweza kukaribia mita 2 kwa sekunde kusi likiwa kali. Majira hayo hayo ndipo mawimbi makubwa ya kutoka kusini yanapopiga. Kaskazi likiingia, kati ya Desemba na Machi, mambo hugeuka: mkondo wa Somalia huteremka kuelekea kusini na kukutana na ule wa pwani yetu katika bahari ya kaskazini mwa Malindi, kisha maji yote mawili huelekea mashariki, kilindini. Juu ya hayo yote kuna maji kujaa na maji kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kina hupita mita 3. Siku ya bamvua ndani ya kusi kali ni siku tofauti kabisa na siku ya maji mafu mwezi Februari.

Wimbi linafika wapi

Kuna dhana kwamba ukizama vya kutosha unaliacha wimbi juu. Ni kweli kwa nusu. Mwendo wa maji chini ya wimbi hupungua kadiri unavyoteremka, na hukaribia kuisha kwenye kina cha nusu ya urefu wa wimbi, yaani nusu ya umbali kati ya kilele kimoja na kingine. Kwa hiyo urefu huo una maana kuliko kimo.

Chukua wimbi la upepo wa karibu, lenye kimo cha mita 2 na linalopita kila baada ya sekunde 8. Penye kina cha mita 10 huyasogeza maji ya chini kwa sentimita 78 kwa sekunde. Kwenye mita 20 inabaki 40. Kwenye mita 40 inabaki 12 tu, ambayo bomba zito halitaihisi.

Kisha chukua wimbi la kimo kile kile linalopita kila baada ya sekunde 12. Mtu aliye kwenye ngalawa anaweza kuliona la kwanza kuwa ndilo baya, maana ni fupi na lenye mteremko mkali, huku hili la pili likimnyanyua taratibu na kumshusha taratibu. Chini ya bahari hali ni kinyume. Kwenye mita 20 wimbi hili refu huyasogeza maji kwa sentimita 57 kwa sekunde, na kwenye mita 40 bado ni 31, zaidi ya mara mbili ya lile la sekunde 8. Mawimbi ya namna hii huzaliwa na dhoruba za mbali sana kusini mwa Bahari ya Hindi, na hufika Kilifi siku ambayo upepo wa hapa umetulia. Anayeangalia bahari kwa macho ataiita shwari.

Kaunti moja, pwani mbili

Kaunti ya Kilifi ina bahari za aina mbili, na bomba moja haliwezi kuzifaa zote.

Kuanzia Malindi kushuka Watamu, Uyombo, Kilifi hadi Mtwapa, pwani imezungushiwa mwamba wa matumbawe. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, ziko kwenye mwamba huo. Mawimbi makubwa huvunjikia mwambani, na ndani yake maji huonekana matulivu. Utulivu huo unadanganya. Kila wimbi linalovunjika humwaga maji upande wa ndani, na maji hayo hayarudi kwa kupanda juu ya mwamba. Hukusanyika na kutoka kwa milango, yale mapengo ambamo mashua hupita. Wakati wa maji kupwa, hasa ya bamvua, mkondo wa mlangoni hupata maji ya mawimbi na maji ya kupwa kwa pamoja. Mkono wa bahari wa Mida na ule wa Kilifi huongeza maji yao kupitia vinywa vyembamba. Na kwa kuwa mlango ndiyo njia rahisi ya kupitisha bomba bila kuvunja matumbawe, mhandisi hushawishika kulipitisha palepale ambapo maji hukimbia kuliko popote.

Kulizika bomba huko si rahisi. Chini kuna mwamba wenye ngozi nyembamba ya mchanga. Ama ukate mfereji kwenye mwamba, ama ulilaze juu na kulishika kwa vizito na nanga. Nje ya mwamba sakafu huteremka haraka, kwa hiyo kilindi kiko karibu, lakini mteremko huo ni mkali kwa bomba refu lisilopinda kwa urahisi.

Kaskazini mwa mji wa Malindi mwamba hukoma. Sababu ni Mto Sabaki, ambao huleta maji baridi na tope jingi, na matumbawe hayapendi vyote viwili. Kuanzia hapo kupitia Mambrui hadi Ngomeni na Ghuba ya Ungwana, sakafu ni ya mchanga na tope, na ni pana. Mawimbi hukaribia ufuo bila kizuizi, na mchanga wenyewe husafiri. Wakati wa kaskazi tope la Sabaki huelekea kusini, kwenye Ghuba ya Malindi na matumbawe yaliyo mbele yake. Wakati wa kusi huelekea kaskazini. Matokeo yanaonekana bila kupiga mbizi: ufuo wa ghuba umekuwa ukisonga baharini kwa miaka mingi, na gati la Malindi limezungukwa na mchanga.

Kwa hiyo upande wa kusini tatizo la bomba ni kasi ya maji na ugumu wa mwamba, na upande wa kaskazini ni kwamba kitanda chenyewe kinahama.

Mchanga chini ya bomba

Tuangalie karibu zaidi yanayotokea pale bomba linapogusa mchanga. Maji yanayozuiwa na bomba huwa na shinikizo kubwa upande yanakotoka na dogo upande wa pili. Tofauti hiyo hulazimisha maji kidogo kupenya ndani ya mchanga, chini ya tumbo la bomba. Yakishika nguvu, punje za upande wa pili huanza kunyanyuka. Kijia kinatoboka, maji yanakimbilia humo, na mahali palipokuwa na mchanga panabaki tundu. Tundu hilo linaweza kuchimbika hadi zaidi ya nusu ya kipenyo cha bomba, kisha hutanuka kushoto na kulia kufuata urefu wake. Bomba lililokuwa limelala sasa linaning'inia.

Likining'inia, hatari hubadilika. Nyuma ya bomba maji hujiviringa na kuachia vizingia kwa zamu, kimoja juu kimoja chini, na kila kimoja hulivuta bomba upande wake. Kwa bomba letu la nusu mita katika mkondo wa mita 1 kwa sekunde, mzunguko mmoja hutimia kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Mkondo usiokoma ungetoa zaidi ya mizunguko milioni 12 kwa mwaka. Kipande kifupi kinachoning'inia ni kigumu na hakiyumbi sana. Lakini urefu wake ukiongezeka maradufu, kasi yake ya asili ya kuyumba hushuka hadi robo, na hapo inaweza kukutana na mwendo wa vizingia. Vikishaafikiana, chuma hukunjwa na kukunjuliwa hadi kinachoka. Ufa huanzia kwenye kiungo kilichochomelewa, na aliye juu haoni kitu.

Lakini mchimbuko huo huo una upande wake mzuri. Matundu yakiwa mengi, mabega ya mchanga yaliyobaki katikati hulemewa, bomba hushuka taratibu ndani ya shimo lake, na mchanga hurudi kulifunika. Bomba limejizika lenyewe, na mawimbi hayalipati tena. Wahandisi wamejifunza hata kuisaidia kazi hiyo kwa kufunga ubao mwembamba kwenye mgongo wa bomba ili mchanga uchimbike haraka zaidi.

Karibu na Sabaki, hata kujizika si dhamana. Tope laini lililotua karibuni, likitikiswa na mawimbi mfululizo, linaweza kupoteza ushikamano wake na kuwa uji mzito. Ndani ya uji huo bomba zito huzama zaidi ya lilivyokusudiwa, na bomba jepesi huelea na kutokeza juu. Bomba la plastiki ngumu, ambalo ni jepesi kuliko maji ya bahari hata likiwa limejaa, lipo kwenye hatari hiyo ya pili vizito vyake vikiwa haba. Na kwa kuwa mchanga wa eneo hilo hubadili mwelekeo pamoja na pepo, bomba lililofunikwa wakati wa kaskazi linaweza kukutwa wazi kusi likiisha. Mpiga mbizi anayelikagua mara moja kwa mwaka, katika mwezi ule ule, ataandika ripoti ile ile kila mwaka bila kujua linayoyapitia kati ya ziara moja na nyingine.

Mito huleta pia mishtuko mikubwa. Mnamo Januari 2020, nje ya mlango wa Mto Kongo, tope lililokuwa limerundikana kwenye bonde la chini ya bahari liliporomoka na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kilindini, likikata nyaya za mawasiliano njiani. Sabaki ni mto mdogo sana ukilinganishwa na Kongo. Hata hivyo tukio lile linakumbusha kwamba tope linalotua mbele ya mto linakaa kwa muda tu.

Bomba likinenepa

Hadi hapa tumezungumzia bomba la nusu mita, ambalo lingetosha mtambo mdogo wa maji. Mabomba ya kupoza kinu cha umeme ni mengine. Tuchukue moja la kipenyo cha mita 3, tuliweke kwenye kina cha mita 20, na tulipitishie lile wimbi refu la sekunde 12.

Kwa bomba dogo, kani ya ubavuni ya wimbi hilo ni kama kilo 8 kwa mita, na ile ya mabadiliko ya kasi ni kama 12. Zinakaribiana. Kwa bomba la mita 3, ya kwanza inapanda hadi kilo 50 hivi, lakini ya pili inaruka hadi karibu 440. Sababu ni kwamba kani ya ubavuni hufuata upana wa bomba, na kani ya mabadiliko ya kasi hufuata maji yote ambayo mwili wa bomba umeyaondoa mahali pake. Upana ukizidi mara 6, ujazo huzidi mara 36.

Hii ndiyo sababu miradi mikubwa mara nyingi huacha kulaza bomba na kuchimba handaki chini kabisa ya sakafu, likitokeza kwenye minara ya kuvutia maji. Handaki halisukumwi na wimbi. Gharama yake, pamoja na mwamba unaotobolewa na kifusi kinachotolewa, ni mambo ambayo wakazi wanastahili kuyasikia mapema, kabla ya ramani kukamilika.

Yaliyokwisha kufanyika jirani

Afrika Mashariki ina mabomba baharini tayari. Mombasa, gati jipya la mafuta la Kipevu lililozinduliwa mwaka 2022 limejengwa katikati ya maji ya bandari, na mafuta huenda nchi kavu kwa mabomba yaliyofukiwa chini ya sakafu. Bandarini kufukia kuna faida mbili, maana licha ya mkondo kuna nanga. Mwezi Februari 2012 meli moja ilitia nanga nje ya Mombasa na kukata waya wa mawasiliano wa TEAMS, na Kenya ikaihisi intaneti ikilegea.

Tanzania ina mfano ulio karibu zaidi na hali ya Malindi. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Kutoka kisiwani hadi Somanga Funga hupita baharini, kwenye bomba la inchi 12 lenye urefu wa kilomita 25 hivi, kisha huendelea nchi kavu. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu kisiwani Mafia, jirani na hapo, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Huku Kenya idara ya hali ya hewa ilitoa tahadhari ya upepo na mawimbi makubwa pwani. Vimbunga havina kawaida ya kufika karibu na ikweta, na Malindi iko kwenye nyuzi 3 tu kusini mwake. Lakini mawimbi ya kimbunga husafiri mbali kuliko kimbunga chenyewe.

Kwa matukio adimu kama hayo kuna utaratibu. Mwongozo wa taasisi ya DNV ya Norway, unaotumiwa sana duniani kwa uthabiti wa mabomba ya baharini, unamtaka mhandisi achanganye wimbi la mara moja katika miaka 100 na mkondo wa mara moja katika miaka 10, kisha arudie kinyume chake: mkondo wa miaka 100 na wimbi la miaka 10. Ni lile lile la kasi zinazokutana. Wala neno miaka 100 lisimlaze mtu usingizi. Bomba likikaa baharini miaka 50, uwezekano wa kulikuta wimbi la miaka 100 ni karibu 4 kwa 10.

Siku ya kulilaza

Hata kazi ya kulilaza bomba hufuata pepo. Bomba la plastiki ngumu huunganishwa ufuoni kwa vipande virefu, ncha zake huzibwa, hufungwa vizito vya zege kila baada ya mita kadhaa, kisha huvutwa na boti likielea kwa sababu limejaa hewa. Likifika juu ya njia yake, maji huingizwa polepole kutoka ncha moja na hewa hutolewa upande wa pili. Bomba huzama likijikunja katika umbo la S, sehemu moja ikiwa chini tayari na nyingine bado juu. Katika saa hizo mkondo wa ubavuni ukizidi makadirio, mkunjo hukaza na bomba huvunjika shingo. Kazi hiyo hufanywa katika maleleji, kati ya pepo mbili, na siku za maji mafu. Mradi ambao mkandarasi wake ameandikiwa kuanza Juni umeandikiwa matatizo.

La kuuliza barazani

Sheria ya Kenya ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari na wananchi washirikishwe, chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Katika vikao hivyo mwananchi huambiwa unene wa bomba, aina ya chuma au plastiki, na urefu wa kilomita. Takwimu hizo ni rahisi kutoa, na peke yake hazisemi kama bomba litabaki mahali pake.

Yanayofaa kuulizwa ni mengine. Je, kasi ya maji imepimwa sakafuni, kwenye njia yenyewe ya bomba, au imekadiriwa kutokana na maji ya juu? Je, imepimwa mfululizo kwa mwaka mzima, kusi na kaskazi, bamvua na mafu, pamoja na mawimbi kwa wakati mmoja? Je, kimo cha mchanga kilichorwa mara ngapi, na tofauti kati ya mchoro mmoja na mwingine ni kiasi gani? Je, bomba litakaguliwa baada ya kila kusi, na fedha za ukaguzi huo kwa miaka 30 zimetengwa na nani?

Kifaa cha kupima mkondo sakafuni kwa mwaka mmoja ni gharama ndogo sana mbele ya kilomita chache za bomba. Na kiko kipimo kingine kisichogharimu kitu: wavuvi wanaopita mlango ule kila siku wanajua ni miezi gani nanga haishiki na ni wapi mchanga umehama. Maelezo yao hayawezi kuchukua nafasi ya vipimo, lakini yanaweza kuonyesha kifaa kiwekwe wapi na kisitolewe lini.

Ripoti iliyokusanywa kwa wiki chache za Januari au Februari, bahari ikiwa ya upole na wageni wakiwa hotelini, imeiona nusu ya bahari ya Kilifi, tena nusu iliyo rahisi. Kwa kuwa kani hukua mara nne kasi inapokua maradufu, kosa dogo katika kukisia hiyo nusu nyingine huwa kosa kubwa katika uzito wa zege. Ripoti ya namna hiyo isijadiliwe barazani. Irudishwe kwa aliyeiandika, aje na vipimo vya kusi.